Kicheko cha Msibani: Namna ya Kupima Futuhi na Tanzia katika Filamu ya Mgogoro wa Kidini

Katika misiba mingi ya Tanzania, mtani huruhusiwa kufanya mambo ambayo mtu mwingine yeyote angefukuzwa uwanjani kwa kuyafanya. Huvaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake, huzuia maiti isitoke mlangoni mpaka apewe chochote, au hulalamika kwa sauti kuu kwamba marehemu ametoroka na deni lake la gunia la mahindi. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatiririka. Mgeni asiyejua mila hudhani huo ni utovu wa adabu, lakini kwa desturi ya makabila mengi mtani huyohuyo ndiye aliyekuwa na wajibu wa kushika jembe, kuchimba kaburi na kuwahudumia wafiwa. Alipewa ruhusa ya kuchekesha kwa sababu alikuwa amebeba sehemu ya mzigo. Na baadhi ya utani huo, kama ule wa Wahehe na Wangoni, unaelezwa kuwa ulizaliwa na vita: watu waliouana katika karne ya 19 waliwaachia wajukuu wao haki ya kutaniana.

Mwandishi wa filamu kuhusu mgogoro wa kidini, anayetaka watazamaji wake wacheke na walie ndani ya saa mbili, hana haja ya kutafuta kanuni mbali zaidi ya hapo. Mara nyingi swali huulizwa kana kwamba ni la mizani ya dukani, yaani filamu iwe na vichekesho kiasi gani na huzuni kiasi gani. Nadhani swali lenye manufaa ni jingine: nani anayechekesha, na je, yeye ni mfiwa au mchimba kaburi katika msiba huo, au ni mpita njia tu? Yanayofuata hapa yote ni namna ya kulijibu swali hilo, kuanzia karatasi tupu hadi siku ya kuonyesha filamu.

Tafuta chanzo kidogo

Migogoro ya kidini huonekana mikubwa inapofika magazetini, lakini ukiifuata kinyumenyume utakuta mara nyingi ilianzia kwenye jambo ambalo lingeweza kuisha kwa kucheka. Mbagala, Dar es Salaam, mwezi Oktoba 2012, ghasia zilizoishia kwa makanisa kushambuliwa zilitokana na ubishi wa watoto wawili kuhusu msahafu. Mkoani Geita, Februari 2013, mvutano juu ya nani ana haki ya kuchinja mnyama ambaye nyama yake itauzwa buchani uliishia kwa mchungaji kuuawa. Ubishi wa watoto na kelele za buchani vimekuwa mali ya futuhi tangu zamani, na moto na mauaji ni mali ya tanzia. Kati ya ncha hizo mbili pana mlolongo wa watu wazima, kila mmoja akitenda jambo ambalo kwake lilionekana kuwa la busara, au la heshima, au lisiloepukika.

Andika mlolongo wa kisa chako kwenye karatasi moja, tendo baada ya tendo, kisha weka alama mbili. Alama ya kwanza iwe mahali pa mwisho ambapo mtu mmoja angecheka na jambo lingeisha. Ya pili iwe mahali pa kwanza ambapo hakuna anayeweza kucheka tena. Umbali kati ya alama hizo ndio filamu yako. Ukiona alama zimegusana, utakuwa na filamu mbili zilizobandikwa pamoja, nusu vichekesho na nusu mazishi, na mtazamaji atahisi kwamba nusu ya kwanza ilimdanganya. Kabla hujaendelea, angalia pia kwamba umechukua utaratibu wa tukio na kuwaacha watu wake. Watoto wa kisa cha kweli hukua na kuwa watu wazima wenye majirani, na familia ya aliyeuawa bado inaishi na msiba wake, kwa hiyo badilisha mahali, kazi, umri na chanzo chenyewe mpaka asiwepo anayeweza kunyoshewa kidole.

Kijiji cha Nadine Labaki

Filamu ambayo ningemtaka kila mwandishi aitazame mara mbili, mara ya pili akiwa na kalamu mkononi, ni ile ya mwongozaji wa Lebanoni Nadine Labaki iliyotoka mwaka 2011, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Sasa Twende Wapi?" Labaki amesimulia kwamba wazo lilimjia Mei 2008, akiwa mjamzito, mitaa ya Beirut ilipojaa ghafla watu wenye silaha, miaka 18 tu baada ya kwisha kwa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya mwaka 1975 hadi 1990. Alijiuliza kama mama angeweza kufanya nini ili mwanawe asichukue bunduki na kuingia barabarani. Kisa chenyewe kimewekwa katika kijiji kisicho na jina, kilichozungukwa na mabomu ya ardhini, ambamo Waislamu na Wakristo wanaishi pamoja, msikiti na kanisa vikitazamana. Kila habari ya mapigano inapofika kutoka nje, wanawake wa kijiji hubuni hila ili wanaume wasipigane. Watazamaji wa tamasha la Toronto waliipa tuzo yao mwaka huohuo.

Tazama kwanza inavyofunguka. Wanawake waliovaa nguo nyeusi wanatembea kwenye vumbi kuelekea makaburini, baadhi wakiwa na misalaba shingoni na wengine wamejifunika hijabu, mikononi wana picha za waume na wana wao waliokufa, na mwendo wao taratibu unageuka kuwa ngoma ya kuomboleza. Wakifika wanagawanyika, hawa upande wao wa makaburi na wale upande wao. Hakuna kichekesho hata kimoja kilichotangulia. Mtazamaji ameonyeshwa idadi ya makaburi kabla hajaombwa kucheka, na kuanzia hapo kila mzaha wa wanawake hawa anaupokea akijua wanazuia nini. Waandishi wengi wa kwetu hufanya kinyume: huanza na dakika 40 za mzaha ili "kumvuta mtazamaji", kisha hushangaa kifo kinapokuja na ukumbi ukaendelea kucheka kwa mazoea.

Kisha tazama mzaha wenyewe unavyofanya kazi. Kijiji kizima kimekusanyika kilimani kutazama televisheni, taarifa ya habari inaanza kutaja mapigano kati ya Waislamu na Wakristo, na mara wanawake wanaanza kugombana wao kwa wao, kwa makusudi, kwa makelele, ili sauti ya mtangazaji isisikike. Onyesho hilo linachekesha sana, lakini ukiondoa hofu iliyo chini yake hakibaki kitu, kwa maana ugomvi wa bandia unatumika kufunika ugomvi wa kweli. Hicho ndicho kipimo cha kutumia kwenye mswada wako. Chukua kila onyesho la kuchekesha, andika pembeni wahusika wanaogopa nini dakika ile, na kama huna cha kuandika, onyesho hilo ni pambo.

Jambo kubwa zaidi linatokea baada ya katikati. Nassim, kijana anayekwenda mjini kwa pikipiki kununua mahitaji ya kijiji, anapigwa risasi iliyotokana na mapigano yasiyomhusu. Mama yake, Takla, anajua kwamba habari hiyo ikitoka vijana watachukua silaha, basi anaficha maiti ya mwanawe kisimani na kuwaambia watu kwamba kijana anaumwa matubwitubwi na haruhusiwi kuonwa. Mwandishi wa kawaida angefunga vichekesho hapo. Labaki anafanya kinyume: karamu ya wanawake kuwalisha wanaume vitafunwa vilivyotiwa bangi, ili walegee na silaha zao zifukiwe, inakuja baada ya kifo. Tunacheka kuliko tulivyocheka mwanzo, na kicheko kinatukwama kooni, kwa kuwa mtazamaji na wapishi wanajua kuhusu maiti, ilhali wanaokula hawajui.

Kifo, basi, hakilazimiki kufunga mlango wa futuhi. Kinachobadilika ni nani mwenye haki nayo. Kabla ya kifo, mtu yeyote kijijini anaweza kuchekesha. Baada ya kifo, kicheko cha kwanza kitoke kwa mfiwa au kwa aliyebeba mzigo wa mfiwa. Kikitoka kwa mlevi wa kijiji, au kwa mhusika aliyewekwa kuchekesha tu, mtazamaji atakiona kuwa ni tusi, hata kama hatajua kwa nini amekasirika.

Filamu hiyo ina kasoro pia, nami sioni haja ya kuificha. Wanawake wanawaleta wachezaji densi kutoka Ukraine ili kuwapumbaza wanaume, na sehemu hiyo inachekesha kwa njia nyepesi kuliko nyingine zote, kwa sababu wageni hao hawana kaburi hata moja katika kijiji kile. Kwa muda fulani wamo msibani bila kuwa wafiwa wala watani.

Mcheke anayebeba dini, usiicheke dini

Filamu ya Abderrahmane Sissako ya mwaka 2014 kuhusu mji wa Timbuktu, uliotekwa na wapiganaji wenye msimamo mkali mwaka 2012, inafundisha upande wa pili wa jambo hili. Wapiganaji wamepiga marufuku muziki, sigara na mpira wa miguu, huku wao wenyewe wakibishana kwa hamasa kuhusu Zidane na Messi, na mmoja wao akijificha nyuma ya mchanga ili avute sigara ambayo dereva wake anaijua siku nyingi. Hakuna hata mara moja ambapo kinachochekwa ni sala, msikiti au aya. Kinachochekwa ni umbali kati ya amri na anayeitoa. Tena imamu wa mji anasimama msikitini na kuwaambia wenye bunduki watoke, kwa upole usiotetereka, hivyo dini inapata msemaji wake wa haki ndani ya filamu yenyewe.

Kutoka hapo linakuja onyesho la vijana wanaocheza mpira bila mpira. Wanakimbia, wanapiga pasi za hewani, wanadaka, wanashangilia goli; wenye silaha wakipita kwa pikipiki, wanasimama na kujifanya wananyoosha viungo, kisha wakiondoka mchezo unaendelea. Sijui kama ni futuhi au ni tanzia, na nadhani hiyo ndiyo sababu onyesho hilo linakumbukwa. Baadaye mwanamke anachapwa viboko kwa kosa la kuimba, naye kilio chake kinageuka kuwa wimbo, na mtazamaji aliyeuona ule mpira usiokuwepo anaelewa mara moja.

Kwa waandishi wa kwetu, maeneo yenye rutuba ni yale ya desturi ndogondogo: vita vya vipaza sauti kati ya mkesha na adhana, turubai na viti vya kuazimana, Mkristo anayemsubiri jirani yake Mwislamu aje amchinjie kuku, au ndugu wa tumbo moja ambao mmoja ni Juma na mwingine ni Yohana. Ukitaka kuyajua vizuri usiishie kwa sheikh mkuu na askofu, ambao watakupa hotuba. Kaa na muadhini, na mwenye kutunza funguo za kanisa, na akina mama wanaopika kwenye maulidi na kipaimara. Epuka vichekesho vya lafudhi, kwa sababu vinamcheka mtu kwa alikozaliwa na havisemi lolote kuhusu mgogoro.

Mfano wa kufanyia kazi: kaburi la pili

Tuseme Mzee Athumani, mzaliwa wa Bagamoyo, alibatizwa jina la Daniel alipomwoa Bi Theresia huko Morogoro, na kwa miaka 40 aliitikia majina yote mawili. Amefariki Alhamisi usiku. Ndugu zake wanataka azikwe Ijumaa kabla ya alasiri. Mjane na jumuiya yake wanasubiri Misa ya Jumamosi. Kila upande una kibali chake, na kila upande umekwenda kuchimba. Makaburi mawili yanachimbwa kwa siku moja kwa ajili ya maiti mmoja.

Hapo una futuhi ya bure, na kishawishi kitakuwa kuimaliza yote papo hapo. Jizuie, chagua vitu viwili tu. Cha kwanza kiwe kipimo: wachimbaji wa upande mmoja wanabishana kuhusu urefu wa mzee, mmoja akisema alikuwa mfupi, mwingine akisema alikuwa anainama tu, mwishowe wanachimba shimo refu kupita kiasi. Cha pili kiwe sururu: upande unaochimba mwanandani, yaani ule uchimbo wa ubavuni mwa kaburi la Kiislamu anamolazwa maiti, hauna sururu, unaiazima kwa upande mwingine, na anayetumwa kuichukua na kuirudisha ni Yusufu, mtoto wa marehemu, kijana mrefu kama mnazi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ndilo pekee lililokubaliwa na pande zote. Anapita mara ya kwanza na sururu begani, wote wanamtania. Anapita mara ya pili, wanamtania tena. Mara ya tatu ni jioni, maneno yameshachafuka msibani, na kundi la watu wasiomjua linamwona kijana akikimbia na sururu kuelekea makaburini.

Kaburi refu halikuwa la mzee. Ukilipanga hivyo, hutahitaji hotuba ya mhusika yeyote kuhusu amani, maana kitu kilichochekesha ndicho kilichoua, na kosa la kipimo lililochekesha ndilo linalopokea mwili. Kisha unakumbuka kanuni ya mfiwa. Bi Theresia, aliyenyamaza usiku mzima, anapaswa kuwa wa kwanza kusema neno lenye chembe ya kicheko, na ningempa swali moja tu: "Sururu ya watu imerudishwa?" Baadhi ya watazamaji watacheka. Waache wacheke.

Waigizaji, sauti na mkasi wa mhariri

Waambie waigizaji kwamba hakuna anayejua kuwa yumo katika futuhi. Mchimba kaburi anayebishana kuhusu urefu wa maiti anafanya kazi yake kwa dhati. Akikonyeza kamera, ameua onyesho lake na la kifo kwa pamoja. Mazoea ya kuongeza milio ya kuchekesha kila mtu anapojikwaa yaachwe kabisa katika filamu ya aina hii, pamoja na muziki wa kinanda unaomwambia mtazamaji sasa alie. Niliwahi kusaidia kuhariri filamu fupi ambayo mwongozaji wake alitia muziki wa huzuni dakika nzima kabla ya kifo, na kila tulipoionyesha watu walianza kuulizana nani anakufa. Tuliuondoa, tukaacha sauti ya jogoo na ya sufuria zinazooshwa, na ukumbi ukanyamaza.

Katika uhariri, kata kutoka kicheko kwenda kimya, usikate kutoka kicheko kwenda kilio. Pigo likitokea, acha picha isimame mpaka wewe mwenyewe uone inachosha, kisha punguza kidogo. Onyesho la kurudia, kama kaburi lilelile au njia ileile ya Yusufu, lipigwe kutoka mahali palepale kamera ilipokuwa mara ya kwanza, ili jicho likumbuke kabla ya akili.

Yapo matukio ambayo ningeshauri yaachwe bila futuhi, angalau kwa kizazi cha walioyashuhudia. Desemba 2015, katika kaunti ya Mandera nchini Kenya, abiria Waislamu wa basi lililovamiwa na al-Shabaab walikataa kujitenga na Wakristo, na mwalimu Salah Farah, aliyejeruhiwa siku hiyo, alifariki mwezi uliofuata. Filamu fupi ya mwaka 2017 iliyotokana na tukio hilo, "Watu Wote" ya Katja Benrath, ilifika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na nguvu yake haikutokana na vichekesho. Ndani ya basi lile hakukuwa na nafasi kati ya zile alama mbili nilizozitaja.

Kuhusu vibali, jambo ni fupi: Tanzania utapeleka mswada Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha, Kenya utapitia bodi inayoainisha filamu, na sheria za jinai za nchi zote mbili zina vifungu kuhusu kuitukana dini ya mtu. Ambatanisha maelezo ya ukurasa mmoja yanayoonyesha kila onyesho la ibada limekaguliwa na nani, na hakikisha dua, adhana na sala zimetamkwa sawasawa na hazikukatwa katikati ya maneno.

Filamu ikiwa bado rasimu, ionyeshe mara tatu: kwa ukumbi wenye Waislamu wengi, kwa ukumbi wenye Wakristo wengi, na mwisho kwa ukumbi uliochanganyika. Usiwape fomu wajaze. Kaa nyuma, gizani, ukiwa na karatasi, uandike dakika ambayo watu walicheka na walikokuwa wamekaa waliocheka. Panapocheka upande mmoja peke yake, mwingine ukiwa kimya, onyesho hilo liandikwe upya hata kama ndilo unalolipenda kuliko yote. Katika ukumbi wa tatu tazama jambo moja la ziada: mtu anapotaka kucheka, humtazama kwanza jirani yake wa dini nyingine, au anacheka bila kuangalia? Na ukisikia kicheko pale kaburi la pili linapoanza kufukiwa, usiguse onyesho la mazishi. Rudi kwa wachimbaji waliokuwa wakipima urefu wa mzee, uwapunguzie maneno, kwa sababu walichekesha kupita kiasi na wakamfanya mtazamaji aendelee kusubiri mzaha mwingine.